Siku Kibanio Changu Kilipoangusha Ndafu ya Wakwe

Nitasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana Kibosho nzima wanaisimulia na kila mwaka yule mbuzi anazidi kunenepa: ndiyo, ni mimi niliyeangusha ndafu mbele ya wakwe, mchana kweupe, kwenye sherehe ya kumuaga dada yangu wa tumbo moja. Simsingizii shetani wala mbege. Mbege sikuwa nimeonja hata kibuyu kimoja, nilikuwa kazini.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, kamera za video zimeshaingia Moshi na kila harusi inataka mkanda. Mimi kamera nilikuwa nayo, na kazi nilikuwa naijua (nasema bila haya, mpaka leo sijaona mtu wa kunifikia kwa kumfuata bibi harusi bila mkono kutetemeka). Tatizo lilikuwa stendi. Kamera unaifunga kwa skrubu kutokea chini, sasa bibi harusi akianza kutembea na wewe unataka kuiweka begani, unazungusha, unazungusha, ukimaliza kufungua yeye ameshafika altareni na wewe unabaki kurekodi mgongo wa shela. Nilikuwa na migongo mingi sana kwenye mikanda yangu.

Na lazima mjue kuhusu baba. Baba ni mtu wa kahawa na migomba, amesomesha watoto wanne, mmoja mwalimu, mmoja nesi, Fides ndiye huyo anaolewa, na mimi. Watu wakitoka kanisani wakamuuliza habari za watoto, alikuwa anataja kazi ya kila mmoja, akifika kwangu anasema, "Deo yupo mjini." Basi. Miaka saba nilikuwa yupo mjini. Mama alipong'ang'ania kwamba sherehe ya Fides nirekodi mimi, baba alinyamaza, na nyumbani kwetu baba akinyamaza maana yake amekubali ila usije ukamwaibisha. Nilitaka siku ile moja tu anione nikifanya kazi.

Kwa hiyo nikaenda Majengo kwa Proti. Huyu Proti alikuwa mpagazi wa mlimani, amepandisha mizigo ya wazungu mpaka magoti yakagoma, sasa anauza vitu ambavyo watalii wanawaachia wapagazi wakishashuka: mabuti, makoti, tochi za kichwani, na siku hiyo vibanio viwili vya kichwa cha stendi. Vyote vinafanya kazi moja. Chini ya kamera unafunga kibati kidogo, kibati kinaingia kwenye kibanio, ukitaka kamera unaichomoa mara moja. Cha kwanza kilikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha kwa vidole mpaka kikaze. Cha pili kilikuwa na kimkono pembeni, ukikisukuma kinajifunga chenyewe: tak.

Proti akanieleza vizuri kabisa. Akasema cha kuzungusha ni cha kizee lakini kinabana kibati chochote, kikilika unazidi kukaza, ila hiki cha kimkono kinataka kibati chake chenyewe kilichozaliwa nacho, na kibati hicho mzungu ameondoka nacho. "Chukua cha kuzungusha, mangi," akaniambia. "Hicho kingine ni sauti tu."

Mimi nilikuwa nimeshaisikia hiyo sauti. Nikawaona kichwani wakwe wamekaa, nikajiona nachomoa kamera tak, begani, narudisha tak, na baba anatazama. Nikachukua cha kimkono. Kibati nikachongewa hapohapo Majengo na fundi mmoja mzee, akayeyusha sufuria chakavu, akapiga tupa, akapima kwa jicho, kikaingia sawasawa mpaka nikamshika mkono mara mbili.

Siku ya sherehe nilifika Kibosho asubuhi mapema na, jamani, nilijisikia. Kila binamu aliyepita nilimwonyesha. Tak, inatoka. Tak, inaingia. Mashangazi waliokuwa wanamenya ndizi za machalari wakaacha visu kuja kuona, nikawafanyia mara tatu. Wakwe walipofika kutoka Rombo, vijana wao wakauliza hiyo ni nini, nikaigeuza stendi miguu juu kichwa chini na kamera ikining'inia, haikuanguka, wakapiga makofi. Baba alikuwa upande ule akiwapokea wazee wao, nikarudia kidogo ili aone. Nadhani kufika saa nane nimeshafungua na kufunga mara hamsini. Kumbe sufuria ni laini, na kila tak ilikuwa inakula kibati changu kidogo kidogo (Proti alikuwa ameniambia, masikio yalikuwa yangu mwenyewe).

Ndafu ikaingia. Wajomba wameibeba wakicheza, mbuzi mzima amebanikwa, amesimama kwenye sinia lake, majani mdomoni, wakaitua kwenye meza mbele ya mkwe mkubwa, baba mzazi wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye koti zito ambaye tangu afike hakuwa amecheka. Mimi nikaivuta stendi mpaka ukingoni mwa meza, nikainamisha kichwa chake ili nipate ule uso wa mbuzi kwa juu. Hiyo ilikuwa picha nzuri sana, na bado nasema ilikuwa nzuri. Halafu kamera ikaanza kutoka. Taratibu, bila tak yoyote, ikateleza tu.

Niliidaka, na hilo wasimuliaji huwa wanalisahau. Niliidaka kwa mikono miwili ikiwa hewani, ila goti langu likapiga stendi, stendi ikaangukia ndafu, ndafu ikalala ubavu, ikaviringika, ikashuka mezani kwa kichwa na kutua juu ya viatu vya mkwe mkubwa. Majani bado mdomoni. Watu mia tatu wakasimama ili waone vizuri. Shangazi mmoja akasema taratibu, "Yesu na Maria," na mimi nikapiga magoti, kamera nimeibana kwapani, naokota mbuzi kwa mkono mmoja, mbuzi anateleza kwa mafuta, namwinua anarudi chini, mara ya tatu wajomba wakaja kunisaidia. Sikumtazama baba. Niliona tu viatu vyake vikipita karibu yangu, vikaenda kwenye migomba, vikarudi.

Kilichofuata kilisemwa juu ya kichwa changu, ila kwa aibu sikushika hata neno. Nilipoweza kusimama nilikimbilia nyuma ya zizi nikakaa huko, mpaka mama akaja kuniambia wakwe wamekubali, ndafu imepanguswa inakatwa, nirudi kazini. Nikamaliza sherehe kwa kuishika kamera begani, mkono haukutetemeka.

Jumapili ya pili yake, baada ya misa, familia nzima ikakaa sebuleni kutazama mkanda. Nilitaka kupeleka mbele pale pa mbuzi, kaka akaninyang'anya rimoti. Basi tukaona uso wa mbuzi, tukaona mbingu, tukaona turubai, halafu giza: kwapa langu. Kamera haikuwa imezimika. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanalia, na katikati ya lile giza ikaja sauti ya baba, ya karibu kabisa. Alikuwa anaongea Kiswahili, maana Kichagga cha Rombo na chetu haviingiliani. Alikuwa amekata jani la isale, lile tunaloombea radhi, na mtu akishapewa isale hakatai.

"Mkwe, pokea isale," ilisema ile sauti. "Huyu aliyepiga magoti ni mwanangu. Kazi yake ni kupiga picha, na anaijua kuliko wote huko mjini. Leo amenikosea mimi na wewe, lakini ni wangu."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, akasema chai imepoa, akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao walikuwa hawana tatizo lolote.

Kesho yake nilirudi Majengo kuchukua cha kuzungusha. Proti alinipa huku anatabasamu, na tangu siku hiyo nakaza kwa vidole mpaka vinauma, nikishakaza namwita mtu mwingine naye akaze, na nimeapa kamera yangu haitakaa tena kwenye kitu kinachojifunga chenyewe. Mkanda wa wakwe niliukata pale penye mbuzi, ni heshima. Wa nyumbani sikuukata, na lile giza la kwapani nimelirekodi kwenye mikanda mitatu, nisije nikalipoteza.