Kaka Anasema Mimi Ndiye Niliyemtoa Motoni

Admin, ukiweka kisa hiki nifichie jina na mtaa, maana kaka yangu ana simu na watu humtumia vitu hivi.

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na moja, nina mke na watoto, naishi Mwanza. Nimeishia darasa la saba, mnivumilie uandishi. Nilikuwa dereva wa lori, ila sasa hivi siendeshi hata baiskeli kwa sababu nina kifafa. Sikuzaliwa nacho. Niligongwa na pikipiki nikaumia kichwa, na baada ya muda nikaanza kuanguka. Mara ya kwanza nilianguka sebuleni. Nilipozinduka nikaona mke wangu na watoto wamesimama mlangoni wananiangalia, hakuna aliyesogea. Siwalaumu. Namna ile ya kuangalia naijua, niliwahi kumwangalia mtu hivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vimefunguliwa, kila kijana anakimbilia mjini. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yale mafupa na vichwa. Nilipanga chumba Kirumba, nikawa nabeba mapanki soko la samaki la Mwaloni. Siku moja mama mkubwa akavuka ziwa kutoka Kamanga na mwanawe, nimwite Shija. Shija ni mkubwa kwangu, ana kifafa tangu utoto, na mjini angepata dawa. Mama mkubwa alichukua mkono wangu akauweka juu ya mkono wa Shija.

"Mwanangu, huyu nakuachia wewe. Kule nyumbani akianguka hakuna anayemgusa. Wewe mshike."

"Nitamshika, mama."

Niliahidi kwa mdomo tu. Sisi tumekuzwa tukiambiwa mtu akianguka haguswi, lile povu la mdomoni likikugusa na wewe tayari umeambukizwa. Shija akianguka chumbani nilikuwa natoka, nasimama uani mpaka atulie, halafu naingia na kikombe cha maji kama nilikuwepo muda wote. Aliyeanguka hakumbuki kitu. Alikuwa ananiambia, "Asante mdogo wangu," na mimi naitikia.

Siku moja, mchana, tulipeleka mapanki kwa akina mama wanaokaanga. Shija akaanguka pale pale kwenye mafiga. Kipindi kile umeme ulikuwa wa mgao, na vijana wa pale walishambatiza Shija jina la Mgao, maana naye huzimika ghafla. Mmoja akacheka, "Haya, Mgao ameanza." Halafu tukaona mkono wake uko ndani ya moto.

Yule yule aliyecheka ndiye aliyeinama amvute. Na mimi nikapiga kelele, "Usimguse, atakuambukiza. Mimi ndugu yake, namjua."

Akarudi nyuma. Wote wakarudi nyuma. Ndugu zangu, wasingenisikiliza kama nisingesema mimi ni ndugu yake.

Mama mmoja mkaangaji alitupa upawa wake, akamkamata Shija miguu akamburuta. Aliniangalia akasema, "Ndugu gani wewe?" Mpaka leo nyumbani kwangu samaki hakaangwi, tunachemsha tu, na mke wangu hajawahi kujua kwa nini.

Vidole vya mkono wa kulia wa Shija vilishikana, havikuachana tena. Hospitali aliuliza, "Nani alinitoa?" Mama mkubwa akajibu, "Nani mwingine kama siyo mdogo wako?" Nikainamisha kichwa. Wakadhani sitaki sifa. Mama mkubwa amekufa akiniombea baraka.

Sasa huyo Shija, aliposikia na mimi naanguka, alivuka kutoka Kamanga na begi lake akaja kukaa kwangu. Yeye ndiye aliyenipeleka kliniki. Yeye ndiye anayenikumbusha dawa baada ya uji. Nikisema leo najisikia vizuri, siihitaji, ananijibu, "Dawa siyo ya siku unayoumwa. Uliacha lini kula ugali kwa sababu jana ulishiba?" Alimkalisha mke wangu na watoto, akawaita na majirani, akawafundisha.

"Akianguka ondoeni vitu vya kumuumiza, wekeni kanga chini ya kichwa, mgeuzeni ubavu. Msimtie kijiko mdomoni. Na msiogope kumgusa, hakiambukizi. Huyu mdogo wangu aliingiza mkono motoni kunitoa mimi. Aliambukizwa? Kimempata juzi tu, kwa pikipiki."

Majirani wakanipigia makofi. Tangu siku ile mke wangu ananishika nikianguka. Watoto wananishika. Nyumba yangu imepona kwa uongo wangu.

Jumapili hii Shija anataka twende wote Kisesa. Kuna wazazi anaokutana nao, wana watoto wenye kifafa, na wengine wanaogopa kuwagusa watoto wao wa kuwazaa. Ameshawaahidi kwamba nitasimama niwaeleze nilivyomshika. "Mimi nikisema wanaona najitetea," anasema. "Wakikusikia wewe uliyekuwa mzima, watawashika."

Jana mchana nilianguka uani. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa mapajani kwake, na ule mkono wake wa vidole vilivyoshikana uko shavuni kwangu. Nikafungua mdomo nimwambie yote. Akasema, "Tulia mdogo wangu. Nimekushika."

Nikafunga mdomo.

Nikisema kweli, nahofia atavuka kurudi Kamanga, na wale wazazi watasema kumbe hata ndugu yake alimkimbia. Nikidanganya, nitakuwa nimesimama mbele ya ule mkono nikajisifia. Nyie mlioguswa na mambo kama haya, nishaurini kabla ya Jumapili. Nikiitwa mbele nisimame niseme nini?