Mlio wa Pipa Lililojaa

Harufu ya mawese yanayochemshwa huingia mpaka ndani ya mto wa kulalia, na msimu wa kukamua, mji wetu wote wa Rumonge hunuka hivyo. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama, pamoja na mapipa yake uani. Mama aliuza mafuta, wala hakuhangaika kufungua vifuniko. Aliligonga pipa kwa vidole akishuka kutoka juu: palipolia ngoo palikuwa patupu, na palipofifia, du, ndipo mafuta yalipoanzia. Alinifundisha kusikiliza kabla sijajua kusoma. Pipa la du lilimaanisha wali na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, na mama akiimba jikoni.

Msimu ule hakuimba. Alihema hata akiwa amekaa, na usiku alilala ameegemea ukuta. Tulipokwenda kituo cha afya, daktari alilaza kidole mgongoni mwake, akakigonga kwa kidole kingine, akishuka taratibu. Kumbe na yeye aliijua kazi yetu! Juu palilia ngoo. Chini ya bega, du. Nikaruka kwa furaha.

"Mama, umejaa!"

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Umusikie huyu mutoto," alisema, "anataka kuniuza sokoni."

Daktari hakucheka. "Iko maji mu kifua, mama. Leo hii muende Bujumbura."

Alikwenda na shangazi, mimi nikaachwa kwa jirani. Kila mchana nilitoroka kwenda uani kwetu kuyagonga mapipa, nipate cha kumwambia akirudi. Shangazi alirudi peke yake. Nililia, maana niliyemwekea habari za mapipa ndiye hakuwepo.

Ukubwani nilisoma kwamba uchunguzi ule ulianzishwa na daktari mmoja wa zamani huko Ulaya. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasemekana mtoto alijifunza kwa mapipa ya divai kabla ya kuvigonga vifua vya wagonjwa. Natamani ningemuuliza kama na yeye aliwahi kuifurahia ile du.

Leo nauza mafuta uani palepale. Bidoni za plastiki za siku hizi zinaonyesha kilichomo, hakuna anayegonga tena. Nimebakiza pipa moja la mama, na wateja hushangaa kwa nini silijazi. Jioni wakishaondoka naligonga kutoka juu mpaka chini. Ngoo, ngoo, ngoo. Kavu kabisa. Hapo ndipo ninapoweza kwenda kulala.