Besi Yangu na Nta ya Sikio

Enzi za ruksa, maduka ya Katesh yalipoanza kujaa vitu vya nje, nilikuwa mwalimu kijana mwenye shahada, nami nikanunua vijiti vya pamba vya kusafishia masikio. Mama yangu, mkulima wa kijiji cha Daudi, hakuwahi kuchokonoa sikio maishani, na alimsikia mbuzi akikohoa ng'ambo ya bonde. Mimi nilichokonoa kila asubuhi. Nta kidogo iliyotoka na pamba ilinifurahisha. Sikujua kwamba nyingine nilikuwa naishindilia ndani kama mahindi guniani.

Baada ya miezi michache dunia ilipungua sauti. Ajabu ni kwamba yangu iliongezeka. Katika kwaya ya parokia, nilikoimba besi, nilijisikia nikinguruma kichwani kama mashine ya kusaga. Nikadhani Mungu amenijalia kipaji ukubwani. Nikaongeza.

Mwalimu wa kwaya, mzee mfupi aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, alivumilia majuma matatu. Lakini askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara. Jumamosi moja mzee akasimamisha wimbo, akaja upande wangu wa kushoto, akaniita. Sikugeuka. Wenzangu wakacheka. Akazunguka mpaka mbele yangu.

"Mwanangu, wewe unaimba wimbo wako na sisi tunaimba wetu. Nenda kapimwe masikio. Ukirudi hivi hivi, siku ya askofu utatubebea kinanda, basi."

Nafasi ya kuimba mbele ya askofu niliitaka kuliko nilivyowahi kuitaka shahada. Jumatatu nilikuwa zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, alichungulia sikio la kushoto kwa kurunzi, akauliza kama sikio limewahi kuuma au kutoa usaha. Halijawahi. Akauliza nasafishia nini. Nilimwambia, kwa fahari kidogo.

"Pole, mwalimu. Hiyo pamba ni ya kufutia nje. Ndani nta hutoka yenyewe, ukiiacha."

Akaniagiza nitie matone mawili matatu ya mafuta ya kula, ya uvuguvugu, kila jioni kwa siku tano, nikiwa nimelala ubavu. Niliporudi alisukuma maji ya uvuguvugu kwa bomba lisilo na sindano, taratibu. Kitu cheusi kikadondoka bakulini, kikubwa kama punje ya harage. Niliomba nikichukue. Alikataa.

Nje nilisikia upepo wa mlimani, na viatu vyangu mwenyewe.

Jumamosi nikafungua kinywa kuimba. Aliyetoka ni ng'ombe aliyekwama matopeni. Na kando yangu nikamsikia mwenzangu, fundi baiskeli mmoja, ambaye kumbe muda wote alikuwa akiimba besi safi chini ya kelele zangu. Nikajishusha, nikamfuata. Mwalimu wa kwaya aliendelea kupunga mkono bila kutusimamisha, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Siku ya askofu nilisimama mstari wa nyuma, nikaimba kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, sikio la kushoto nimemwelekezea fundi baiskeli.