Paja la Baba Katika Friji ya Bi Zamzam

Agnesi alipoambiwa kwamba mto Wami umefurika na basi la kutoka Moshi limekwama ng'ambo, hakuanza kumfikiria baba yake aliyekuwa ndani. Alifikiria paja la mbuzi. Baadaye aliona haya, maana mzee Theophil alikuwa mtu mzima na mvua ilikuwa kali. Lakini moyo hauombwi ruhusa unapotangulia.

Beberu alikuwa amekwisha kuchinjwa asubuhi ile, mkesha wa Pasaka, uani kwa Bi Zamzam waliyempangia, Mtaa wa Sikukuu. Aliyemchinja ni Bakili, muuza nyama wa sokoni Kariakoo, ili wapangaji wote, Waislamu na Wakristo, wale kwa amani. Kesho yake Candida, mtoto wa kwanza wa Agnesi, angebatizwa. Na babu yake, ambaye tangu Agnesi aolewe alikuwa hajatia mguu nyumbani kwake, alikuwa ametuma neno kwamba atakuja.

Mzee Theophil alikuwa amechukia kwa sababu Agnesi aliolewa Dar es Salaam bila yeye, tena na Filbert, Mngoni wa Peramiho, mtu asiyejua hata njia ya kupandia Kibosho kwa wakweze. Alisema hatakula chakula cha nyumba ile. Mzee hakutukana wala kulaani, alisema hivyo tu, na kwa watu wa kwao neno la namna hiyo halifutwi kwa neno jingine. Linafutwa kwa kula.

Katika ukoo wao, mbuzi wa sherehe ana paja la kulia ambalo ni la baba. Halikatwi mpaka baba mwenyewe atie kisu. Likishapikwa, akila na mkwewe, mambo yamekwisha. Asipokula, kila mtu ameona.

"Si umchinjie mwingine akifika?" Filbert aliuliza.

"Huyo atakuwa mbuzi wa kumbembeleza. Atajua tulikula karamu bila yeye."

Kibosho paja lingetundikwa juu ya meko, moshi ulilinde. Lakini watu wa chumba kimoja Kariakoo wana dari gani? Na nyama ya moshi hukauka ikawa gogo.

Kwenye ukumbi wa nyumba ile palikuwa na friji ya Bi Zamzam, mwenye nyumba, mjane wa makamo. Ilikuwa friji kuukuu ya mafuta ya taa, ambayo mumewe aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Bi Zamzam aliweka humo sharbati na maji ya kunywa, akiwauzia wachukuzi wa sokoni. Agnesi alijikaza akaenda kumwomba.

"Sharbati yangu inuke beberu?" Bi Zamzam akacheka. "Mwanangu, watu watanunua sharbati au supu?"

Agnesi akamweleza yote. Bi Zamzam alisikiliza huku akichambua mchele, kisha akasukuma ungo pembeni.

"Baba ni baba. Mvua hii nani anakunywa sharbati? Toa chupa zangu, weka paja lako."

Katika usichana wake Agnesi aliwahi kutumika kwa mlowezi mmoja Arusha, na huko aliona nyama ikitundikwa siku nyingi kwenye kijumba cha baridi. Aliyoyaona aliyakumbuka nusunusu, kama mtu akumbukavyo wimbo wa kanisa la wengine. Aliondoa rafu zote. Filbert akapitisha kipande cha nondo juu kabisa, kwenye vishikio vya rafu, na Bakili akaazimisha kulabu yake. Friji ilikuwa imeinama kidogo upande wa mlangoni, na friji ya mafuta ikiinama haigandishi. Waliweka sahani ya maji juu yake, wakaingiza vipande vya kigae chini ya miguu mpaka maji yakatulia sawa. Agnesi akakata utambi ukawa bapa, akaushusha moto hadi ukawaka buluu bila moshi. Mwisho akalifuta paja kwa kitambaa cha marekani, asiliache na unyevu, akalitundika lisiguse ukuta, na chini yake akaweka bakuli la chumvi livute unyevu.

"Mama Candida," Bakili alisema, mikono kiunoni, "miaka yote mimi nikibakiwa na nyama mpaka jioni naificha wateja wasiione. Wewe unailaza makusudi?"

"Nailaza tu, Bakili. Siizeeshi."

"Beberu yule alikuwa mzee kabla hujamlaza. Alikuwa na mapembe kama nguzo za mlango wa boma."

Pasaka ikapita. Candida akabatizwa, watu wakala pilau na nyama iliyobaki, na kila aliyeuliza habari za babu aliambiwa ni mvua. Kila asubuhi Agnesi alifungua mlango wa friji mara moja tu, akanusa, akafunga. Paja lilikuwa likibadilika, likatoka wekundu kwenda hudhurungi, halafu likawa na ngozi ngumu. Alijiambia ndivyo ilivyokuwa Arusha, lakini hakuwa na hakika. Mtu aliye peke yake na ujuzi wa nusu huwa hana wa kumuuliza ila hofu yake.

Siku moja alirudi kutoka kisimani akakuta Bi Zamzam ameinama juu ya karai, paja limo ndani, ndimu zimekamuliwa pande zote.

"Nimekusaidia, mwanangu. Lilikuwa linasawijika. Damu tupu, halikuoshwa hata mara moja. Nyama gani inakaa bila kuoshwa?"

Agnesi alisimama na ndoo kichwani. Alijua maji ndiyo adui wa nyama iliyotundikwa, wala hakuweza kumgombeza mwanamke aliyemwachia friji yake. Na pwani nzima ingekuwa upande wa Bi Zamzam, maana nani asiyeosha nyama?

"Ahsante, bibi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo hata Bi Zamzam akainua uso.

"Nimeharibu?"

"Sijui. Kweli sijui."

Walilikausha pamoja, wakibadilisha vitambaa, Bi Zamzam akipepea kwa kipepeo cha jikoni na kujilaumu kwa sauti ya chini. Wakalirudisha kwenye kulabu. Tangu hapo Agnesi aliponusa asubuhi alisikia harufu asiyoweza kuipa jina, na hakuweza kuchanja aone ndani, kwani kisu cha kwanza hakikuwa chake.

Mzee Theophil aliwasili wiki na ushei baada ya Pasaka, Wami ulipopungua, koti limelowa, amekonda. Filbert alipiga goti. "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia marahaba. Akambeba Candida, akamtazama kwa muda mrefu, akamrudisha kwa mama yake.

Agnesi akaleta paja kwenye sinia. Lilikuwa jeusi, kavu, limekunjamana pembeni. Bakili, aliyekuja kumwamkia mgeni, akatazama dari. Bi Zamzam akashika mdomo.

"Hili ni la lini?" mzee aliuliza.

"La ubatizo, baba. Tulikungoja."

Mzee akachukua kisu, akakipitisha. Ganda jeusi likafunguka, na ndani nyama ilikuwa nyekundu iliyokoza, safi, ikinukia kama karanga mbichi. Agnesi akaachia fremu ya mlango. Akachukua sinia, akakwangua ganda lote, akapika.

Lakini nyama ilipoletwa, mzee aliitazama bila kuigusa. Filbert alikuwa ameshika tonge, hakulipeleka kinywani.

Mzee akachukua kipande kidogo, akakitia mdomoni, akakitafuna polepole upande mmoja, uso umekaza. Akameza. Akachukua kingine, kikubwa zaidi.

"Agnesi," alisema, "mbuzi huyu alikuwa mwanambuzi?"

"Beberu, baba. Mzee kabisa," Bakili akadakia.

Mzee akafunua mdomo. Magego yote yalikuwa yamekwenda. "Miaka miwili sasa nagawa fungu langu la nyama kwa wajukuu. Njia nzima nawaza, nitameza vipi beberu? Nisipokula, mtasema bado nina kinyongo. Kule Wami, maji yalipotukatiza, nilifurahi kidogo." Akachagua kipande kilichonona, akakiweka mbele ya Filbert. "Kula, mkwe. Hii inatafunika hata kwa ufizi."

Bi Zamzam alicheka mpaka akafuta macho kwa ukaya wake wa kichwani, akasema ni ndimu zake hizo. Hakuna aliyembishia.

Agnesi alirudi jikoni kuleta mchuzi. Sufuria ilikuwa mbele yake na mchuzi ulikuwa tayari, lakini alisimama kwanza, mikono mitupu, akiwasikiliza wanaume wawili wakitafuna.