Foleni ya Ndoo kwa Mwenye Pampu

Juzi nilikuwa Miono, nimeketi barazani kwa mkulima mmoja nikichagua matikiti. Pampu yake ilikuwa ikinguruma huko bwawani, ikivuta maji ya kijiji kizima kuyapeleka shambani kwake. Mara wakaja akina mama na ndoo tupu.

"Hodi hapa! Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibuni. Kuna nini?"

"Kheri tu. Tumekuja kuteka maji."

"Kwangu? Si mwende bwawani?"

"Tumetoka huko, tumekuta matope. Maji yamehamia kwako."

Wakapanga ndoo zao barazani kama wanavyozipanga bwawani, wakaketi kungoja zamu. Jamaa akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Mkewe akatoka ndani. Nikadhani anawaletea wageni chai, kumbe ameshika ndoo yake. Akaiweka nyuma ya ile ya mwisho, akaketi na wenzake.

Mume alimtazama, akaitazama ile ndoo, akaondoka kwenda kuzima pampu kwa mkono wake.

Mimi huyo, nikarudi mjini bila tikiti, lakini na moyo mweupe. Kwa mvua tunamshukuru Mungu. Kwa maji yaliyobaki bwawani Miono, namshukuru mke wa mtu.