Plagi Isiyo na Mwenzake

Gari la zamani likishinda juani lina harufu yake: sponji ya viti iliyochoka, vumbi, na mpira wa waya uliopata joto. Mwezi uliopita jirani yangu alinipa lifti kutoka Parklands, na mara tu nilipofunga mlango harufu hiyo ikanipokea kama shangazi ambaye hujamtembelea miaka mingi. Tukaingia Waiyaki Way. Tulipopanda tuta la kwanza, kitu kikateremka kutoka chini ya redio na kunigonga goti. Kilikuwa plagi ndogo nyeupe yenye matundu matatu na waya tatu nyuma yake, na mbele haikuwa imechomekwa popote.

"Achana nayo," jirani akasema. "Niliikuta hivyo. Sijui hata ilikuwa ya nini."

Mimi nilijua. Niliishika mkononi mpaka tukapita Kangemi.

Nimezunguka sana maishani. Nimeishi Nakuru, Kitale, Thika, na mahali pengine ambapo sikumaliza hata kufungua masanduku. Watu husema nina miguu ya kuwasha. Sijawahi kuwaeleza kwa nini, popote niendapo, nikiingia gari la zamani huinama kidogo na kuchungulia chini ya dashibodi. Nitawaeleza ninyi.

Baba alikuwa mtunza stoo katika ofisi moja mjini. Kazi yake ilikuwa kujua kila kitu kiko wapi, na aliporudi nyumbani Uthiru hakuiacha kazini. Kijiko kikipotea, chakula cha jioni kilisimama. Alikuwa na msemo wake: "Kitu hakining'inii bure." Kamba ikining'inia ukutani, kuna kilichofungwa nayo na kikaondolewa, sasa tafuta ni nani aliyekiondoa.

Gari letu alilinunua kwa familia moja ya Loresho, likiwa tayari na umri kunishinda mimi niliyekuwa na miaka tisa. Lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa. Baba aliliosha kila Jumamosi, na mtu mwingine hakuruhusiwa hata kulifuta. Lakini alasiri, kabla hajarudi kutoka kazini kwa matatu, gari lilikuwa langu. Nilijua dirisha gani halifungi vizuri. Nilikaa kwenye usukani nikasafiri hadi Mombasa na kurudi kabla ya chai ya saa kumi.

Humo ndani nilikuwa na siri mbili. Ya kwanza ilikuwa plagi nyeupe iliyoning'inia chini ya redio. Niliifanya simu, na siku nyingine mtoto mwenye njaa, nikailisha majani matundu yote matatu. Ya pili ilikuwa uchawi. Gari likiwa limezimwa, bila ufunguo, nikisukuma kijiti cha indiketa juu, taa ndogo ya mbele upande wa kushoto iliwaka, pamoja na nyekundu ya nyuma upande huohuo. Upande wa kulia hakukuwa na kitu. Nilishuka na kuzunguka gari nikilitazama likinikonyeza, kisha nikakirudisha kijiti katikati.

Fundi wetu wa waya aliitwa Wafula. Alikuwa ametoka Bungoma, na kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara, karibu na mama aliyeuza mandazi. Alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: akifunga waya kwa tepu, aliukunja mwisho wa ile tepu, ukabaki kama kisikio kidogo. "Ni ya fundi atakayekuja nyuma yangu," aliniambia. "Asitukane mama yangu akitafuta pa kuanzia." Mimi aliniita Injinia. Baba alimpenda. Jumapili baada ya kanisa walisimama wawili mbele ya boneti iliyofunguliwa, mikono nyuma, wakitazama injini isiyo na ubaya wowote.

Likizo moja ya Agosti, siku ya Jumamosi, Wafula alikuja nyumbani akatengeneza honi. Jioni hiyo nilikuwa katikati ya safari yangu ya Mombasa, taa ya kushoto ikinikonyezea ukuta, mama aliponiita nikalete unga dukani. Nilikimbia. Nikasahau.

Kesho yake ilikuwa siku ya ubatizo wa mdogo wangu. Tulivaa, tukajipaka mafuta, tukaingia garini. Baba akazungusha ufunguo. Gari likasema *tk*. Akazungusha tena. *Tk*. Wakati yeye na mama walipokuwa wameinama kwenye boneti, nilikiona kijiti cha indiketa kikiwa juu, pale pale nilipokiacha. Taa zilikuwa zimefifia kiasi kwamba mchana ule hakuna ambaye angeziona. Nilinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, nikakirudisha katikati.

Tulitembea kanisani kwa miguu. Mtoto alibatizwa akiwa na vumbi hadi kwenye kofia.

Tuliporudi, baba alivua koti, akalala chali chini ya usukani kutafuta ubaya. Nilimsikia akivuta kitu. Kisha akatoka na plagi nyeupe kati ya vidole viwili, waya zikiwa zimenyooka.

"Kuna kitu kilikuwa hapa," akasema.

Jumatatu vijana walisukuma gari mpaka likawaka, tukaenda kwa Wafula, baba na mimi. Alikuwa akipuliza chai yake.

"Baba Njeri! Betri tena?"

"Wafula, ulitoa nini kwa gari yangu?"

Wafula alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoiona plagi akatikisa kichwa. "Hii? Hii imetoka kiwandani hivi. Wakitengeneza gari wanavuta waya za aina moja kwa magari yote. Ile ya tajiri inawekwa taa za ukungu. Hii yetu haikuwekwa. Plagi inabaki tu."

"Yaani mtu avute waya kutoka mbele mpaka hapa, aweke na plagi, halafu aiachie hewa?"

Watu waliokuwa wakisubiri mandazi wakacheka. "Huyo ni fundi wa kutengeneza moja na kwenda na mbili!" mmoja akasema. Mama wa mandazi naye, bila kuinua macho kutoka kwenye karai, akaongeza, "Wafula, si urudishe tu kitu ya wenyewe."

"Baba," nikasema, "ilikuwa hivyo kutoka zamani."

Baba alinigeukia polepole. "Nani amekufundisha kusema hivyo?" Na macho yake yakamwendea Wafula, kana kwamba hata maneno yangu yalikuwa yameibwa.

"Wacha tu, Injinia," Wafula akasema kwa upole. Kisha akafikiri kidogo, akamwuliza baba swali moja. "Asubuhi ilipokataa kuwaka, hii kitu ya indiketa ilikuwa wapi? Kwa sababu haya magari ya zamani, ukiiacha juu bila ufunguo, taa za upande mmoja zinawaka. Ni za kuegesha kwa barabara nyembamba, huko yanakotengenezwa. Siku hizi hawaweki tena. Hiyo inaweza kumaliza betri mpaka asubuhi."

"Ilikuwa katikati," baba akajibu. Na alisema kweli. Ndivyo alivyoikuta.

Nilikuwa nimesimama kati yao. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, zima, lenye maneno matatu tu. Nilitazama viatu vyangu. Nilitazama karai la mafuta. La plagi nililisema, halikuaminika, na hili ambalo lingeaminika sikuweza kulisema. Baba akaingia garini. Tukaondoka, na nyuma yetu bado walikuwa wakicheka.

Baada ya hapo watu waliacha kumpelekea Wafula magari, kwanza wa kanisani kwetu, kisha wengine. Sisi tulipata fundi mwingine. Plagi iliendelea kuning'inia, na mimi sikuilisha majani tena.

Miezi kadhaa baadaye, Jumamosi moja, baba alikwenda Loresho kuwasalimu wale waliotuuzia gari. Alirudi mapema. Hakuliosha gari. Alikaa ndani muda mrefu, mlango ukiwa wazi na mguu mmoja nje. Alipoingia kuoga nilikwenda kuchungulia. Plagi ilikuwa imeviringishwa tepu nyeusi, ikasukumwa juu na kufungwa mahali ambapo mtu hangeiona asipoitafuta.

Tepu ile kwangu ilikuwa na maana moja: Wafula amekuja, wamepatana! Nilikimbia mpaka barabarani. Kibanda kilikuwa na kufuli, na mlangoni kuku wa mtu alikuwa akijichimbia.

"Alirudi kwao tangu mwezi jana," mama wa mandazi akaniambia. "Alibeba vyombo vyake kwa gunia." Akanipa andazi, sikuliomba.

Nilirudi nikajiambia kwamba basi aliifunga kabla ya kuondoka. Mtoto hujipa maelezo anayoyaweza.

Baba tulimzika miaka sita iliyopita, na gari lilikwenda kwa wauza vyuma kabla yake. Ni mwezi uliopita tu, nikiwa na plagi ya jirani mkononi, ndipo nilipoikumbuka tepu ile sawasawa. Ilikuwa imezungushwa mara nyingi mno, kwa mikono isiyozoea, na mwisho wake ulikuwa umebanwa kabisa. Haukuwa na kisikio.

Baba alijua. Huko Loresho lazima aliuliza, akajibiwa kwamba plagi ilikuwa hivyo tangu zamani. Na mtu aliyeweza kuamsha nyumba nzima kwa ajili ya kijiko hakujua aende wapi na jambo lile. Miaka yote ile, kila Jumapili tulipokipita kibanda, baba alikuwa akitazama upande wa pili wa barabara, na mimi nilitazama magoti yangu. Kila mmoja alidhani yuko peke yake mle ndani.

Jirani alisimama Uthiru kununua maziwa. Alipozima gari na kushuka, nilinyoosha mkono nikakisukuma kijiti cha indiketa juu. Kwenye kioo cha duka nikaiona taa ndogo ya kushoto ikiwaka. Niliitazama mpaka alipotokea mlangoni na paketi zake, nikakirudisha katikati, na sikumwambia.