Nyavu Mbili Juu ya Paa

Kila asubuhi, kabla hajavaa koti lake la kung'aa la kuvushia watoto wa shule barabara, Nereida Cotto huwajulia hali majirani zake kwenye ramani. Ramani yenyewe iko kwenye kompyuta ndogo jikoni, kando ya jiko la kahawa. Kila nyumba yenye antena juu ya paa ni kitone, na kati ya kitone na kitone kuna mstari. Mstari ukiwa wa kijani, nyumba hizo zinasikilizana. Ukiwa wa manjano, zinasikilizana kwa taabu. Ukiwa mwekundu, basi kuna mtu atampigia simu Nereida kabla kahawa haijachemka.

Mambo hayo hakuyasomea. Aliyapata kwa kuwashikia ngazi vijana wa kujitolea, akiuliza hiki na kile, mpaka siku moja akagundua kwamba wao ndio wanaomuuliza yeye. Wapuerto Rico wa pale mtaani Bushwick wanauita mtandao wao Wavu tu, maana paa hili linampa jirani, na jirani anampa jirani yake, fundo kwa fundo, bila kampuni yoyote ya intaneti katikati.

Sasa Wavu ulikuwa unamwaibisha. Jengo la Nereida lilipata intaneti kupitia mstari mmoja, uliotoka paa la Mzee Eladio Vélez, mitaa miwili kutoka hapo. Kwa majuma matatu mstari huo ulikuwa unakatika saa tisa na nusu alasiri na kurudi saa kumi na moja na nusu, yaani zile saa watoto wanarudi na kutaka kufanya kazi za shule. Moncho Rosario wa ghorofa ya tatu akachoka, akaitisha kikao cha wapangaji: Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, ipigwe kura ya kurudi kwenye kampuni. Na ni Nereida huyo huyo aliyebisha hodi milango kumi na minne kuwaomba watu watoke huko.

"Usinichukie, Bi Nereida," Moncho alimwambia kwenye ngazi. "Mimi nakupenda. Ila Wavu wako una usingizi wa mchana kama bibi yangu."

Wenzake wa kujitolea walibadilisha masafa, wakabadilisha na redio yenyewe juu ya paa la Nereida. Wapi! Mmoja akasema labda ni mvua. Nereida akarudi kwenye kompyuta, kwenye grafu za mstari huo, akazitazama siku moja moja, kama anavyowatazama watoto kivukoni ajue nani leo amekuja bila kofia. Siku za mvua, mstari ulikuwa wa kijani kutwa nzima. Jumapili ulikatika saa nne asubuhi, alasiri ukatulia.

"Mashine haijui Jumapili," akamwambia binti yake Yamaris, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto pale jikoni. "Huyu ni mtu."

"Si ulimpigia Mzee Eladio, mama?"

Alimpigia, tena juma la kwanza kabisa. Alimuuliza, "Mzee wangu, Wavu huko kwako mzima?"

"Mzima? Mpya kabisa, mwanangu!" mzee alijibu kwa fahari. "Nimeukaza mwenyewe. Hata paka hapenyi."

Nereida alicheka, akadhani mzee anawatania wezi wa mtandao. Akaondoa paa lile kwenye hesabu zake.

Ijumaa ya kikao shule ilikuwa imefungwa, walimu wana mkutano wao. Kwa mara ya kwanza siku ya kazi Nereida alikuwa nyumbani saa tisa na nusu badala ya kusimama kivukoni. Akapanda juu ya paa na darubini ya mumewe marehemu, akaielekeza kwa Mzee Eladio. Akamwona mzee akitoka na kofia yake, akishika kamba, akivuta. Mlango mzima wa kibanda cha njiwa ukanyanyuka ukasimama wima, mpana kama ukuta, umefungwa wavu mpya wa waya unaometameta. Antena ikapotea nyuma yake. Njiwa wakaruka kwa kundi, wakageuka wote kwa pamoja juani, weupe, kisha kijivu, kisha weupe tena.

Simu ikaita. Ni Yamaris, toka jikoni. "Mama, mwekundu!"

"Naona, mwanangu. Namwona hadi masharubu."

Alipanda ghorofa tano za Mzee Eladio bila kupumzika, akafika juu akihema.

"Mzee! Wavu wako!"

"Mzuri, eh?"

"Unakula Wavu wangu!"

Mzee akautazama mlango. Akaitazama antena nyuma yake. Akavua kofia. "Kumbe siku ile uliulizia ule mwingine?"

"Kwani mimi nafuga njiwa?"

"Nilishangaa. Nikajiambia, Bi Nereida ana moyo, anajali hadi kibanda changu."

Mzee akaeleza kwamba mvua ikinyesha njiwa hawatoki, na Jumapili huwarusha asubuhi, maana alasiri yuko kwa dada yake anacheza domino. Kuufunga mlango akakataa katakata: ndege wakirudi wasiuone uko wazi, watatua kwa mpinzani wake, mfuga njiwa wa mtaa wa pili, na huyo harudishi ndege. Nereida hakubishana. Wakaifungua antena, wakaihamishia ukingo wa pili wa paa, nguzo ameikumbatia mzee, spana anayo Nereida, na Yamaris, kule jikoni, anawasomea kwa simu namba za nguvu ya mawimbi huku mtoto akimvuta nywele.

"Hasi themanini. Hasi sabini na tano. Kushoto kidogo, mama. Umepita! Rudi!"

"Mzee, usitikisike."

"Nina miaka sabini na sita, natikisika hata nikilala."

"Hasi hamsini na tano! Kijani, mama, kijani!"

Kikao kilianza na sufuria ya wali wa mbaazi ya Nereida mezani. Mzee Eladio alikuja naye, kinyesi cha njiwa begani, akasimama mbele ya watu akaeleza kosa lake mwenyewe, na alipofika kwenye paka asiyepenya, hata wale waliokuja wamenuna walijishika mbavu.

"Na hao ndege kesho wakiruka?" Moncho akauliza.

"Wako hewani sasa hivi," mzee akasema. "Leo nimechelewa kuwarudisha makusudi. Mlango uko wima. Jaribu."

Moncho akatoa simu. Akaibonyeza, akaisogeza mbali na macho, akaibonyeza tena. Dada yake akajitokeza kwenye kioo cha simu kutoka Ponce, kule Puerto Rico, kichwa kimejaa vibana nywele, akifoka kwa nini anapigiwa mbele ya umati wa watu.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Kumi na mbili za kubaki, mbili za kuondoka. Moncho hakuhesabiwa popote, kwa sababu mkono mmoja ulishika simu na wa pili ulikuwa unapakua wali.